Mstari Usioujua Kwenye Taarifa ya Benki Baada ya Safari

Umerudi safari jana. Begi bado limesimama mlangoni. Unafungua programu ya benki kwenye simu, unakuta mstari kama huu: HUDSON ST1247 JAMAICA NY 21.78. Jamaica hujawahi kukanyaga. Kidole kinakwenda moja kwa moja kwenye kitufe cha kufunga kadi.

Ngoja dakika kumi. Hiyo Jamaica si kisiwa. Ni eneo la Queens, jijini New York, na ndiyo anwani ya posta ya uwanja wa JFK. Hudson ni maduka ya magazeti, maji na chokoleti, yamejaa viwanja vya ndege vya Marekani. Na ile 21.78 ni chaja ya dola 20 uliyoinunua ukikimbilia geti, ikaongezwa kodi ya mauzo ya New York, asilimia 8.875, ambayo haimo kwenye bei iliyobandikwa rafuni.

Nakusihi ungoje kwa sababu mimi sikungoja. Niliwahi kufunga kadi katikati ya safari kwa mstari wa dola sita. Siku nne nilikaa ugenini kwa pesa ya kukopa. Kisha risiti ikaonekana kwenye mfuko wa koti: maji na karanga.

Ila usingoje hata kidogo kama makato yanaendelea kuingia wakati kadi iko mkononi mwako, au kama yanatoka nchi ambayo safari yako haikuigusa kabisa. Hapo funga kadi kwanza, uchunguze baadaye. Benki nyingi zina kitufe cha kuisimamisha kwa muda. Kinatosha kwa kuanzia.

Sasa tusome mstari.

Anza na mji. Viwanja vikubwa vingi vimejengwa nje ya jiji, na mashine ya kadi huweza kutaja kitongoji badala ya jiji lenyewe. Uwanja wa Charles de Gaulle wa Paris uko Roissy. Wa Brussels uko Zaventem. OR Tambo ya Johannesburg iko Kempton Park. Ukiona HOUNSLOW, kumbuka Heathrow ya London iko upande huo. Ukiona DULLES VA, ni uwanja wa Washington ulioko jimbo la Virginia. Toa tiketi yako, andika kila uwanja uliopita, hata ule uliokaa saa mbili tu kusubiri ndege ya kuunganisha. Kisha tafuta kila mmoja kwenye ramani ya simu, uone uko mji gani. Kazi hii peke yake hutatua mistari mingi.

Wakati mwingine mji ni wa makao makuu. Ofisi za Hudson ziko East Rutherford, New Jersey. Za Paradies Lagardère, kampuni nyingine kubwa ya maduka ya viwanjani, ziko Atlanta. Kwa hiyo usishtuke ukiona mji ambao ndege yako haikutua, kama jina la mbele linafanana na la muuza duka wa uwanjani.

Jina lenyewe ndilo linalowachanganya watu zaidi. Wewe unakumbuka kibao cha mlangoni. Benki inaandika jina la mwenye mkataba. Kahawa uliyoinunua kwenye kaunta yenye nembo ya Starbucks huenda imeuzwa na HMSHost au SSP, kampuni zinazoendesha migahawa ya viwanja kwa nembo za wengine. Manukato ya duty free huenda yakaja kwa jina la Dufry, kampuni ambayo tangu 2023 inaitwa Avolta, na ambayo ndiyo inamiliki Hudson na World Duty Free. Relay ni ya Lagardère. Heinemann ni ya Hamburg. InMotion, wale wauza spika na visikizi, wako chini ya WHSmith. Kwa Dubai na Doha mambo ni mepesi: Dubai Duty Free na Qatar Duty Free hujulikana kwa majina yao yaleyale.

Nafasi ya jina ni finyu, herufi 22 hadi 25 hivi. Ndiyo maana maneno hukatwa katikati na kubaki kama msimbo. Usijaribu kuyatamka. Chukua herufi tano au sita za mwanzo, ongeza jina la uwanja, tafuta kwenye intaneti. Mara nyingi jibu linakuja palepale.

Ukiona herufi kisha nyota, nyota hiyo ina maana. SQ * ni Square, TST* ni Toast. Zote ni mifumo ya malipo inayotumiwa na migahawa na vibanda. PAYPAL * unaijua. Muuzaji halisi ameandikwa baada ya nyota, si kabla yake. Namba inayofuata jina mara nyingi ni namba ya duka. Usiipuuze, utaihitaji ukimwandikia muuzaji.

Kama jina halijasema kitu, nenda kwenye hesabu.

Irudishe pesa kwenye sarafu ya kule uliponunua. Tuseme taarifa yako inaonyesha shilingi 40,116 na ulipitia Dubai. Benki yako inatoza asilimia 3 kwa muamala wa nje, na siku ile dola ilikwenda kwa shilingi 2,600. Gawanya 40,116 kwa 1.03, unapata kama 38,948. Gawanya kwa 2,600, unapata dola 14.98. Dirham ya Falme za Kiarabu imefungwa kwenye dola kwa 3.6725, basi zidisha. Unapata dirham 55. Namba nzima, namba ya bei. Tende zile ulizomnunulia mama! Bei ikishatokea namba nzima au yenye .95 au .99, unanusa duka halisi. Tovuti za Visa na Mastercard zina kikokotoo cha viwango kwa kila tarehe. Tumia hicho, usitumie kiwango cha leo.

Namba ikikaribia bei unayoikumbuka lakini imezidi kidogo, jiulize maswali mawili. Ulikula mgahawani Marekani? Bakshishi uliyoandika kwenye karatasi huongezwa baadaye, kwa hiyo kiasi cha kwanza na cha mwisho havilingani. Mashine ilikuuliza ulipe kwa sarafu ya kwenu au ya pale? Ukichagua ya kwenu, mwenye mashine anapanga kiwango chake, na aghalabu ni kibaya. Safari ijayo chagua sarafu ya pale, kila mara.

Tarehe nayo isikutishe. Tarehe ya kununua na tarehe ya kuingia kwenye taarifa ni vitu viwili. Ununuzi wa Ijumaa usiku unaweza kuonekana Jumatatu au Jumanne. Ulichonunua ndani ya ndege huweza kuchelewa zaidi, kwa sababu mashine ya angani mara nyingi hutunza malipo na kuyatuma ndege ikishatua. Hivyo tafuta siku kadhaa nyuma ya tarehe iliyoandikwa, si siku ileile tu.

Mistari miwili ya kiasi kimoja? Angalia kama mmoja umeandikwa kwamba bado unasubiri. Huo ni pesa iliyoshikiliwa tu, na kwa kawaida huanguka wenyewe baada ya siku chache. Ikiwa yote miwili imekamilika, umetozwa mara mbili. Dai pesa yako.

Kuna pia makato ambayo si ya duka kabisa, na watu huyasahau. Smarte Carte ni toroli la mizigo. Kwenye viwanja vingi vya Marekani toroli hulipiwa. Boingo ni Wi-Fi ya viwanjani, na hii iangalie kwa makini: ina mipango ya kila mwezi. Kama ulijiunga ili utume ujumbe mmoja tu ukisubiri ndege, makato yatarudi mwezi ujao na mwingine. Ingia kwenye akaunti yako uufute mpango. Kuongezea hapo, kumbuka kufungiwa begi kwa plastiki, chumba cha mapumziko, na kiti cha kukanda mgongo.

Unatafuta risiti na tarakimu nne za mwisho hazifanani na za kadi? Kama ulilipa kwa kugusisha simu, ni kawaida. Apple Pay na Google Pay huipa simu namba yake, tofauti na ile iliyochapwa kwenye kadi. Fungua pochi ya simu, kwenye historia ya malipo utaona jina la duka na saa uliyolipa. Saa hiyo ilinganishe na picha ulizopiga siku ile. Picha ya mtoto akila aiskrimu geti la B ni ushahidi mzuri kuliko kumbukumbu.

Halafu uliza uliosafiri nao. Mwenzio ana kadi ya nyongeza ya akaunti yako? Kijana alishika simu yako dakika tano mkiwa foleni? Uliza kwa upole, hujamkamata mtu.

Umefanya yote na mstari bado ni mgeni kwako. Sasa piga simu benki, kwa namba iliyoko nyuma ya kadi. Usitumie namba iliyokuja kwa SMS hata kama imeandikwa jina la benki yako. Anayepiga akikuomba PIN au namba ya siri ya mara moja, kata. Na usidharau kiasi kidogo. Wezi hujaribu kadi kwa dola moja au mbili kabla ya kurudi na mkoba mkubwa.

Fanya hivyo mapema. Mwenye kadi ya mkopo ya benki ya Marekani, sheria inampa siku 60 tangu taarifa ilipotumwa kulalamika kwa maandishi. Mwenye kadi ya benki ya Dar au Nairobi, uliza muda wa benki yako siku hiyohiyo, kwa sababu Visa na Mastercard nazo zina mwisho wa kupokea madai.

Ukipiga, uwe na tarehe, kiasi, mstari kama ulivyoandikwa herufi kwa herufi, na tiketi inayoonyesha ulikuwa wapi siku ile. Ukimwandikia muuzaji pia, mpe hayo pamoja na namba ya duka na tarakimu nne za mwisho tu. Namba nzima ya kadi usimpe mtu. Omba namba ya kumbukumbu ya lalamiko lako, iandike, na uulize utapigiwa lini.