Binti hataki sayansi, nimkataze?

*Mwalimu, binti yangu wa Gredi ya 9 hapa Kawangware anataka mkondo wa Sayansi ya Jamii katika sekondari ya juu. Kila akienda Kibera kwa nyanyake huwauliza wazee jinsi Wanubi walivyofika pale. Majirani wanasema atakosa kazi. Nimkataze? – Mama*

Usimkataze, mama. Hofu yako naielewa. Karo haipatikani kwa urahisi, nawe hutaki ipotee bure. Lakini uwakili, uanahabari na ualimu hupitia mkondo huu, na maswali yake kwa wazee ndiyo historia yenyewe. Atachagua masomo matatu, mathalani Historia na Uraia, Jiografia na Biashara. Hisabati bado ni lazima. Muulize kazi anayoitaka: akitaja uuguzi, atahitaji Biolojia, basi mjadiliane upya. Kabla ya kuchagua shule, hakikisheni inafundisha masomo yake yote matatu, maana si kila shule inayo. Akisita, mwoneni mwalimu wa ushauri nasaha pamoja, mkiwa na matokeo yake.