Nguvu Zimekwenda Wapi? Miezi Sita na Dawa za Kifua Kikuu

Leo tunazungumza juu ya kifua kikuu, au TB kama wengi tunavyosema. Habari za kukohoa kwa wiki mbili na kupima makohozi umeshazisikia sana. Sisi tunaanzia pale ambapo vijana wengi huachwa peke yao: umepimwa, umeambiwa unayo, umepewa vidonge. Sasa utaishi vipi? Utasomaje?

Tuseme uko kidato cha tatu Kilwa Masoko. Umepimwa katika hospitali ya wilaya ya Kinyonga, kule Kivinje, au Sokoine pale Lindi mjini. Asubuhi hata kufunga kamba za viatu ni kazi. Wenzako wanaanza mchakamchaka, wewe unatafuta ukuta wa kuegemea. Nyumbani wanasema umekuwa mvivu. Halafu unakwenda haja ndogo, unaona mkojo umekuwa rangi ya chungwa. Moyo unakwenda mbio! Tulia kwanza. Soma hadi mwisho.

KWA NINI UNACHOKA HIVYO?

Huo si uvivu. Mwili wako uko vitani na vijidudu, na vita hula nguvu. Homa na jasho la usiku hukukatisha usingizi. Hamu ya kula imepotea na uzito umepungua. Wagonjwa wengi wa TB pia hupungukiwa damu, na huku kwetu pwani malaria na minyoo huweza kuongeza tatizo hilo. Kwa hiyo ukiona uchovu hauishi, mwambie mhudumu akupime damu. Usikae kimya ukidhani ni kawaida.

Habari njema ni kwamba uchovu huu huwa unapungua. Wengi huanza kuona hamu ya kula ikirudi baada ya wiki chache za dawa. Wakati huo unaweza kufanya haya:

1. Mweleze mwalimu wa darasa au mwalimu wa afya. Omba upumzishwe mchakamchaka na kazi nzito za mikono kwa muda.

2. Soma somo gumu saa ambayo una nguvu. Kama ni asubuhi, fanya hisabati asubuhi. Kunakili maandishi kuache jioni. Soma nusu saa, pumzika, kisha endelea.

3. Kula kidogo kidogo mara nyingi. Huna haja ya vyakula vya dukani vya bei kubwa. Lindi ni mkoa wa ufuta na korosho. Kuna mbaazi, kunde, choroko, mayai, dagaa na matunda. Muhogo mtupu unashibisha, lakini ongeza mboga na kitoweo ili mwili upate cha kujijengea.

4. Pima uzito kila unapokwenda kuchukua dawa. Uzito ukipanda, ni dalili nzuri. Pia vidonge hupangwa kwa uzito, hivyo ukibadilika sana idadi yake nayo huweza kubadilika.

DAWA ZINAFANYA NINI MWILINI?

TB ya kawaida hutibiwa kwa miezi sita. Miezi miwili ya kwanza unakunywa dawa nne: rifampisini, isoniazidi, pirazinamidi na ethambutoli, mara nyingi zikiwa zimechanganywa katika kidonge kimoja. Miezi minne inayofuata zinabaki mbili, rifampisini na isoniazidi. Dawa hizi hutolewa bure.

Yafuatayo si ya kuogopa, ila yaseme kliniki:

Mkojo, jasho na hata machozi kuwa na rangi ya chungwa. Hiyo ni rangi ya rifampisini, wala si damu.

Kichefuchefu. Dawa hufanya kazi vizuri tumbo likiwa tupu, lakini kama unataka kutapika, uliza kama unaweza kuzinywa na chakula kidogo au kabla ya kulala.

Ganzi au kuchomachoma miguuni na mikononi. Isoniazidi huweza kuleta hali hii. Kliniki huweza kukupa vitamini B6.

Viungo kuuma. Mara nyingi ni pirazinamidi. Usijinunulie dawa za maumivu dukani kiholela, uliza kwanza.

Haya sasa si ya kusubiri. Acha kunywa dawa na uende hospitali siku hiyo hiyo ukiona: macho au ngozi kuwa ya manjano, kutapika kusikoisha, kuona ukungu au kushindwa kutofautisha nyekundu na kijani, au vipele mwili mzima.

WATU WA SAMAKI, TEGENI SIKIO

Isoniazidi haipatani na samaki aliyelala. Jodari na vibua wakikaa juani bila barafu hutengeneza sumu inayoitwa histamini. Mwili wa kawaida huivunja kiasi, lakini isoniazidi huizuia kazi hiyo. Matokeo yake uso unawaka, kichwa kinagonga, moyo unadunda. Kupika hakuondoi sumu hiyo. Kwa hiyo kula samaki, tena sana, lakini awe mbichi wa leo au aliyehifadhiwa vizuri kwenye barafu.

Pombe nayo iache kabisa. Ini lako lina kazi ya kutosha. Na kama unatumia vidonge vya uzazi wa mpango au dawa za ARV, mweleze mhudumu bila haya, kwa sababu rifampisini hupunguza nguvu ya baadhi yake.

JE, NA RAMADHANI?

Mgonjwa ameruhusiwa kula na kulipa siku zake baadaye. Ukijisikia una nguvu na unataka kufunga, kwanza ongea na mhudumu wako. Dawa hunywewa mara moja kwa siku, hivyo huweza kupangiwa saa ya daku. La muhimu ni usiruke siku hata moja.

MTEGO WA MWEZI WA PILI

Hapa ndipo wengi wanapoanguka. Kikohozi kimekwisha, uzito umerudi, mpira unacheza. Unajiuliza, vidonge vya nini tena? Au uko Kilwa Kisiwani au Songo Songo, bahari imechafuka na dawa zimebaki za siku mbili. Jamani, vijidudu vichache bado vimejificha. Ukiacha sasa, vilivyobaki huweza kuwa sugu, na TB sugu ni ngumu zaidi kuitibu, na unaweza kuwaambukiza wa nyumbani kwako hiyo hiyo sugu. Chukua dawa mapema kabla hazijaisha. Mchague msimamizi, awe mama, shangazi au kaka, akuone ukimeza kila siku. Ukisahau, meza mara unapokumbuka siku hiyo hiyo; kesho usimeze mara mbili.

Na wewe rafiki wa mgonjwa, usimkimbie. Kwa TB ya kawaida, baada ya wiki mbili hivi za dawa sahihi wengi hawaambukizi tena. TB haienezwi kwa sahani wala kwa kupeana mikono. Fungua madirisha ya darasa, mkopeshe daftari lako, mbebee ndoo ya maji.

JE, WAJUA?

Tanzania ilianzisha mpango wa taifa wa kifua kikuu na ukoma mwaka 1977, ikishirikiana na Daktari Karel Styblo. Utaratibu wa kumsimamia mgonjwa hadi amalize dawa uliofanyiwa kazi hapa nchini ulikuja kuwa mfano, na katika miaka ya 1990 Shirika la Afya Duniani likaueneza ulimwenguni.

JIPIME

1. Taja madhara mawili ya dawa yasiyo ya hatari na mawili ya kukimbilia hospitali.
2. Rafiki yako anasema, "Nimepona, naacha." Utamjibu nini?
3. Jadilini darasani: shule yetu inaweza kumsaidiaje mwanafunzi anayetumia dawa asikose masomo?

Miezi sita ni mirefu, lakini ina mwisho. Kazi kwako!