MILA ZETU NA MACHO TUNAYOTAZAMIA

Somo la kujifunza nyumbani na katika vikundi. Tusome kwanza Matendo ya Mitume 10 na 11:1–18, kisha Wagalatia 2:11–14.



Katika kila mtaa wa Kanisa wamo watu waliotoka mbali: walimu waliohamishwa, wafanya biashara, wake walioolewa kutoka kabila jingine, na pengine wakimbizi. Tunaimba pamoja nao, lakini ibada ikiisha twasikia maneno haya: “Watu wale hawana adabu.” “Watu wale ni wachoyo.” “Watu wale wanajivuna.” Na mara nyingi anayehukumiwa hivyo hana habari amekosa nini. Basi mwezi huu tujifunze jinsi mila zinavyotuongoza tunapowatazama wenzetu, na yatupasa kufanya nini.

1. Mila hutufundisha kabla hatujajua kusema

Mtoto hafundishwi mila kama afundishwavyo hesabu shuleni. Huzipata mgongoni mwa mama yake. Hupigwa kikofi akitoa kitu kwa mkono wa kushoto. Huambiwa aamkie wakubwa. Hukatazwa kumkodolea macho mzee anayemkanya. Akisha kuwa mtu mzima haoni tena kwamba hizo ni mila. Huona kwamba ndivyo binadamu yeyote mwenye akili atendavyo.

Sasa Mwingereza naye amefundishwa na mama yake. Ameambiwa amtazame machoni mtu anayesema naye, kwa sababu anayeinamisha macho ana neno analolificha. Fikirini bwana huyo akimwuliza kijana wetu juu ya kazi iliyoharibika. Kijana anainamisha macho kwa heshima. Bwana anaona mwongo. Kila mmoja amemtii mama yake, na wameachana kwa chuki.

Tutazame mfano mwingine, wa saa. Sisi tusemao Kiswahili twahesabu saa tangu jua kuchomoza na tangu kuchwa. Wazungu huanza kuhesabu katikati ya usiku na katikati ya mchana. Mgeni akiambiwa aje “saa mbili asubuhi” aweza kushangaa kabisa. Lakini Wayahudi wa zamani za Biblia walihesabu saa za mchana kama sisi. Tukisoma kwamba Kornelio alipata maono saa tisa, twajua mara moja kuwa ni alasiri, na Petro alipopanda darini kusali saa sita twajua jua lilikuwa utosini. Msomaji wa Kiingereza lazima afafanuliwe. Hapa mila yetu yatufungua macho, na yake yamfumba. Mahali pengine ni kinyume chake. Hakuna taifa lililopewa macho ya kuona kila kitu.

2. Petro katika nyumba ya Kornelio

Petro hakuwa mtu mbaya. Tangu utoto alifundishwa kwamba vyakula fulani ni najisi, na kwamba Myahudi haingii nyumbani mwa mtu wa mataifa. Aliliamini jambo hilo kuwa utii kwa Mungu. Kwa upande wake Kornelio alikuwa akida wa jeshi la Kirumi, lililokuwa likiitawala nchi ya Wayahudi. Kulikuwa na sababu nyingi za kutoaminiana.

Tuangalie mambo matatu. Kwanza, maono yale ya nguo kubwa yenye wanyama hayakumtosha Petro. Alibaki akiona shaka, na maana yake ilimfunulia vizuri alipokwenda Kaisaria, akaingia ndani, akasikiliza habari za Kornelio kinywani mwake mwenyewe. Pili, ndugu wa Yerusalemu walipomlaumu, hawakuanza na ubatizo. Walimlaumu kwa sababu ameingia kwa watu wasiotahiriwa na kula pamoja nao. Shida ilikuwa sahani. Tatu, Paulo atuambia kwamba baadaye, huko Antiokia, Petro yule yule alijitenga na meza ya watu wa mataifa kwa kuwaogopa watu wa kwao. Kumbe mtu aweza kuelewa kweli, akaihubiri, na bado mila ikamrudisha nyuma siku wenzake wanapomtazama.

Wahenga walisema, “Mgeni njoo, mwenyeji apone.” Kaisaria mgeni naye alipona.

3. Jambo lililotokea Masasi

Mwaka 1876 Misheni ya U.M.C.A., chini ya Askofu Edward Steere, ilianzisha makazi ya watumwa waliokombolewa huko Masasi, kusini mwa Tanzania ya leo. Wamakua na Wayao wa nchi hiyo walikuwa na jando. Kijana asiyepita jandoni alihesabiwa kuwa mtoto tu, hata akiwa na ndevu. Wamisionari wengi waliona humo ushenzi mtupu. Hivyo kijana Mkristo alibanwa pande mbili: akienda jandoni anakosana na Kanisa, asipokwenda si mtu mbele ya jamaa zake.

Vincent Lucas, aliyekuwa askofu wa kwanza wa Masasi tangu 1926 hadi 1944, alishika njia nyingine. Aliona kwamba kabla ya kulikataza jambo ni lazima kuuliza linafanya kazi gani. Hakuweza kupata jibu peke yake; makasisi Waafrika ndio waliolijua jando kutoka ndani. Likawako jando la Kikristo: kambi, tohara na mafundisho ya utu uzima vilibaki, sala zikaingizwa, na yale waliyoona hayapatani na Injili yakaondolewa. Si wote waliokubaliana naye, na mambo ya unyago wa wasichana yalikuwa magumu zaidi. Lakini swali lake lafaa hata leo: jambo hili linafanya kazi gani kwa hao wanaolishika?

4. Je, kila mila ni njema?

La. Kuuliza si sawa na kukubali. Kumkeketa msichana ni mila, lakini kunamwumiza mwili na kuhatarisha maisha yake. Tanzania ilifanya kuwa kosa la jinai kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18 kwa sheria ya mwaka 1998, na Kenya ikapiga marufuku ukeketaji kwa sheria ya mwaka 2011. Anayesema, “Ni mila yao, tuwaache,” hampendi binti yule.

Lakini kipimo hicho hicho kipime na mila tulizopokea Ulaya. Wengi wadhani gauni jeupe la bibi arusi ni agizo la Kanisa. Zamani maharusi wa Ulaya walivaa rangi mbalimbali. Malkia Victoria wa Uingereza aliolewa kwa gauni jeupe mwaka 1840, na desturi hiyo ikaenea sana baada yake. Leo katika mitaa yetu wako mume na mke walioishi pamoja miaka mingi, wana watoto, nao hawakaribii Meza ya Bwana kwa sababu hawana fedha za gauni, keki na ukumbi. Ibada ya ndoa haidai keki. Yadai watu wawili walio huru, ahadi zao, kasisi na mashahidi. Mila ya ugenini imewafungia mlango, na sisi tumeushika komeo tukidhani tunailinda imani.

Basi tukimwona mwenzetu akitenda tusivyozoea, tujizuie kuhukumu siku ile ile. Tumwulize yeye mwenyewe, si jirani yake. Tupime kama jambo lake linamdhuru mtu, ama linatuudhi sisi tu. Na tukubali kula nyumbani kwake, kama Petro alivyokaa siku kadhaa kwa Kornelio.

Maswali ya kujadiliana

1. Ni kabila au taifa gani tunalolisema vibaya hapa mtaani? Nani kati yetu amekula nyumbani mwao?
2. Ni desturi gani ya ibada au ya harusi tunayoidhani ni amri ya Mungu, kumbe ni mila tu?
3. Wako wangapi hapa kwetu ambao gharama za harusi zimewazuia kufunga ndoa? Wazee wa kanisa na akina mama wawasaidieje kabla ya Pasaka?

Ee Bwana, uliyemwongoza Petro mpaka mlangoni mwa Kornelio, utuongoze nasi mpaka kwa jirani tusiyemjua. Amina.