SOMO: TULINDE KIOO CHA JICHO KIISHA OPERESHENI

Wamama, wengi wetu tunakaa na nkambo nyumbani. Akiondolewa mutoto wa jicho, mama wa nyumba ndiye atamutunza. Basi tujifunze.

Kioo cha jicho ni nini?
Mbele ya jicho kuna ngozi safi kama kioo cha dirisha. Jina lake ni kornea. Unene wake ni karibu nusu milimeta. Upande wa ndani kuna chembe ndogo sana zinazotoa maji ndani ya kioo, kibakie safi. Zikikufa, hazizaliwi tena.

Wakati wa operesheni chembe zingine zinaumia. Mutoto wa jicho akikawia miaka mingi anakuwa mugumu, na kumutoa kunaumiza chembe zaidi. Siku za kwanza kioo kinaweza kuvimba, nkambo aone ukungu. Mara nyingi ukungu unapungua kwa siku ao majuma machache. Ukungu ukiongezeka, ni hatari.

Rudi hospitali siku ile ile kama:
1. Jicho linauma zaidi.
2. Linazidi kuwa jekundu, ao linatoa usaha.
3. Anaona vibaya kuliko jana.
4. Kuna doa jeupe juu ya kioo.
Usingojee siku uliyoandikiwa.

Kazi ya nyumbani
Nawa mikono na sabuni mbele ya kutia dawa. Chupa isiguse jicho. Nkambo asisugue jicho. Wakati wa kiangazi vumbi ni nyingi hapa Kolwezi: avae miwani, akae mbali na moshi wa makala.

Hapana kutia maziwa ya kifua, mukojo ao maji ya majani. Maziwa na mukojo vinaweza kuingiza vijidudu. Majani yanaweza kuchoma kioo. Hapana kutia dawa ya jirani ao ya soko: zingine zinapunguza nguvu ya jicho ya kupigana na vijidudu.

Lensi inatengenezwa kiwandani. Munganga Harold Ridley alitia ya kwanza huko London mwaka 1949. Lakini kornea ya kubadilisha inatoka karibu siku zote kwa mutu aliyekufa, na kuipata ni vigumu. Kulinda ile tuliyo nayo ni rahisi zaidi.

Maulizo
1. Ukungu gani unapona, na gani unaturudisha hospitali?
2. Sababu gani hatutii maziwa ya kifua katika jicho?