Kabla Reli Haijafika Musongati: Mwongozo kwa Anayetaka Kuwa Gadi wa Treni ya Mizigo

Burundi haina reli hata kilomita moja. Mtu wa Rumonge, kwenye mwambao wetu wa Ziwa Tanganyika, akitaka kuliona behewa kwa macho yake, njia ni ileile ya wafanyabiashara: Nyanza-Lac, Mabanda, mpaka wa Mugina, Manyovu, kisha Kigoma, mahali ambapo reli ya kati kutoka Dar es Salaam iliufikia ukingo wa ziwa hilohilo mwaka 1914 baada ya karibu kilomita 1,250. Hata hivyo mizigo ya mwambao huu imepanda treni kwa vizazi kadhaa. Wabelgiji walipokabidhiwa Ruanda-Urundi, hawakukawia kuwataka Waingereza wawape eneo lao wenyewe la bandari Kigoma na Dar es Salaam, na mkataba wa 1921 uliwapa kwa kodi ya faranga moja kwa mwaka. Walijua kwamba bila ile reli, Bujumbura ingebaki kijiji cha ziwani.

Sasa reli yenyewe inakuja. Januari 2025 Tanzania na Burundi zilitia saini mkataba na kampuni za Kichina wa kujenga reli ya kisasa kutoka Uvinza nchini Tanzania hadi Musongati nchini Burundi, kwa takriban dola bilioni 2.15, na Agosti mwaka huohuo ujenzi ukazinduliwa Musongati. Kijana anayesikia habari hizo swali lake la kwanza huwa ni udereva wa treni. Dereva ndiye anayeonekana dirishani. Makala haya yanamhusu mwenzake, ambaye watu wengi hawamjui: gadi.

Katika reli za Afrika Mashariki, gadi ndiye mtu mwenye dhamana ya treni nzima nyuma ya kichwa. Usimchanganye na konda wa basi. Treni ya mizigo haina abiria wala tiketi. Gadi anashika karatasi: orodha ya mabehewa kwa mpangilio wake, uzito wa kila moja, lipi limebeba mafuta au kemikali na limekaa nafasi ya ngapi. Anahakikisha mabehewa yameungana sawasawa, anapima breki pamoja na dereva, anageuza njia pale ambapo hakuna mtu mwingine wa kuigeuza, na treni ikiharibika porini ndiye anayetembea kurudi nyuma na bendera nyekundu au taa kuizuia treni inayofuata. Zamani alikuwa na behewa lake mkiani. Katika reli nyingi siku hizi mahali pake pamechukuliwa na kifaa kinachopima hewa ya breki na kutuma taarifa kwa redio, na yeye amehamia mbele kukaa na dereva. Kazi haikupungua. Behewa la sitini likipata hitilafu saa nane za usiku na mvua inanyesha, anayeshuka kwenda kuliangalia ni gadi.

Shule kubwa iliyo karibu nasi ni ya Tabora, kwenye makutano ya reli ya Kigoma na ile ya Mwanza iliyokamilika 1928. Tabora imefundisha wafanyakazi wa reli kwa miaka mingi. Nairobi nayo ina chuo cha reli kilichoanzishwa 1956, enzi ambazo Kenya, Uganda na Tanganyika zilikuwa na shirika moja la reli. Kozi hubadilika mwaka hadi mwaka, kwa hiyo usitegemee karatasi aliyokupa mtu. Mwandikie msajili wa chuo, uliza kozi ya uendeshaji wa treni inaanza lini, inatolewa kwa lugha gani, na, kwa chuo cha Tanzania, kama kina usajili wa NACTVET, taasisi inayosimamia vyuo vya ufundi Tanzania.

Iwe Tabora, Nairobi au Marekani, mafunzo yana sura tatu: darasani, kisha kwenye uwanja wa kupangia mabehewa, kisha njiani ukiwa chini ya gadi mzoefu. Kampuni kubwa za mizigo za Marekani humaliza yote kwa muda wa miezi mitatu minne hivi, lakini ni miezi ya kukesha. Darasani kinachosomwa ni kitabu cha kanuni. Kanuni hizo husomwa kwa maneno yake, maana neno moja likiachwa treni inaingia njia isiyo yake, na alama ya kufaulu huwekwa juu sana. Vijana wenye mabega mapana huja wakidhani reli ni kazi ya nguvu. Wengi wanaoanguka huangukia kwenye mtihani wa maandishi, si kwenye kubeba chuma.

Chukua kanuni moja tu ya Marekani uone akili iliyomo. Treni inarudi nyuma, dereva yuko mbele kabisa na haoni mkia. Macho yake ni gadi aliyesimama nyuma na redio. Gadi lazima ataje upande na umbali, na umbali huhesabiwa kwa mabehewa: "Rudi nyuma, mabehewa kumi." Dereva anaanza. Akishapita nusu ya umbali huo bila kusikia neno jingine, anasimamisha treni, hata kama njia ni nyeupe. Kwa nini? Kwa sababu hajui kama kimya kile ni redio iliyoishiwa betri au ni gadi aliyeteleza akaanguka kwenye reli. Kanuni imeandikwa ili kimya kisimame mahali pa neno "simama". Redio ikikosekana, zipo ishara za mkono na taa: kuipunga taa kukata njia ni kusimama, kuipandisha na kuishusha ni kwenda mbele, kuizungusha duara ni kurudi nyuma. Mwanafunzi hufanya mazoezi ya ishara hizo mpaka mkono uzijue kabla ya kichwa.

Uwanjani unafundishwa mwili wako. Unapopanda behewa, mikono miwili na mguu mmoja, au miguu miwili na mkono mmoja, vishike chuma wakati wote. Reli yenyewe haikanyagwi, inarukwa, kwa kuwa chuma chenye umande au mafuta kinateleza. Pete inavuliwa nyumbani. Huingii kati ya mabehewa mawili kabla dereva hajakujibu kwa redio kwamba treni imefungwa na haitatikisika, kwani viungo vya mabehewa vina nafasi ndogondogo zinazovutika, na mtikisiko mdogo mbele unafika nyuma ukiwa pigo. Hayo yote yanachosha kusikiliza. Kila moja limeandikwa baada ya mtu kukatwa mguu au kufa.

Hapa kwenye breki ndipo ninapomwomba msomaji asome polepole. Breki ya hewa ya treni inafanya kazi kinyume na anavyodhani mtu wa gari. Bomba la hewa linapita chini ya mabehewa yote, na kila behewa lina tangi lake. Presha ikiwa imejaa bombani, breki zimeachia. Presha ikishuka, hewa ya tangi inasukuma breki zibane. Ndiyo maana treni ikikatika katikati, vipande vyote viwili husimama vyenyewe. Lakini hewa huvuja. Treni iliyoegeshwa kwa saa nyingi na injini imezimwa itapoteza hewa hata kwenye matangi, na breki zitaachia polepole. Kinachoizuia wakati huo ni breki za mkono tu, zile za usukani au mnyororo zinazokazwa behewa moja baada ya jingine. Gadi ndiye anayezikaza, na ndiye anayeamua ni ngapi zinatosha kwa uzito na mteremko uliopo.

Usiku wa kuamkia tarehe 6 Julai 2013, treni ya matangi 72 ya mafuta iliegeshwa juu ya mteremko karibu na Lac-Mégantic, mji unaozungumza Kifaransa katika jimbo la Quebec, Kanada. Mfanyakazi alikuwa mmoja tu, dereva, gadi hakuwepo. Alikaza breki za mkono saba, kisha akaenda kulala hotelini. Kichwa cha treni kikashika moto mdogo, wazima moto wakakizima pamoja na injini yake, hewa ikavuja, treni ikateremka yenyewe hadi katikati ya mji na kulipuka. Watu 47 walikufa.

Nasi tuna ajali yetu. Tarehe 24 Juni 2002, huko Igandu mkoani Dodoma, kwenye reli hiihii inayoishia Kigoma, treni ya abiria iliyokuwa ikipanda mlima ilishindwa kuzuilika, ikarudi nyuma kwa kasi na kuigonga treni ya mizigo. Waliokufa ni 281. Mwalimu wa reli asiyeyataja matukio haya mawili darasani hajui kazi yake.

Sasa tuje kwako uliyeko Rumonge. Kabla ya kutafuta ada, pima macho. Gadi asiyetofautisha nyekundu na kijani kwa kawaida hapokelewi, na wapo wanaume wengi wenye upungufu huo wasiojua mpaka siku ya kipimo. Mwombe mtaalamu wa macho akupime kwa kitabu cha Ishihara, chenye namba zilizofichwa ndani ya vitone vya rangi. Ni kazi ya dakika chache na inaweza kukuokolea ada ya mwaka mzima. Masikio nayo yapimwe. Pombe iko kwenye orodha hiyohiyo: reli hupima wafanyakazi wake, na anayekutwa na kilevi kazini anaweza kuiaga kazi.

Lugha. Mtoto wa Rumonge ana bahati ambayo mwenzake wa Ngozi hana: Kiswahili amekikuta nyumbani na sokoni, kwenye mawese na ndagala. Kwenye stesheni za Tanzania, steshenimasta, dereva na gadi huongea Kiswahili. Lakini vitabu vya chuo mara nyingi ni vya Kiingereza, na sisi tumesomeshwa kwa Kirundi na Kifaransa. Jipe mwaka wa Kiingereza kabla ya kuomba nafasi, na usikidharau kipimo cha hesabu: tani, mita na mteremko utakuwa unavihesabu usiku kwa tochi.

Karatasi zina foleni zake. Cheti cha sekondari cha Burundi hupelekwa kwa NECTA, Baraza la Mitihani la Tanzania, lipime kinalingana na ngazi gani kwao. Utahitaji pasi ya kusafiria, na ukishapata nafasi chuoni, kibali cha ukaazi cha daraja C, ambacho ndicho cha wanafunzi. Anza mapema, karatasi moja ikichelewa, muhula unakupita.

Halafu kuna jambo ambalo mawakala hawalisemi. Kusoma Tabora hakukupi kazi Tanzania. Burundi iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na soko la pamoja lilianza 2010, lakini kila nchi ilibaki na orodha yake ya kazi ilizofungua kwa majirani. Sheria ya Tanzania ya 2015 kuhusu ajira za wageni inamtaka mwajiri aonyeshe kwamba hakupata Mtanzania wa kuifanya kazi hiyo kabla ya kumwombea mgeni kibali. Kwa hiyo kazi ya uhakika kwa Mrundi ni ile itakayozaliwa upande wetu wa mpaka, reli ikifika. Miradi ya namna hii huchelewa. Kwa maoni yangu, kijana wa miaka 18 au 20 afanye subira: asome kitu kinachomlisha sasa na kinachokaa jirani na reli, kama uwakala wa forodha, umeme, ufundi wa mitambo mizito au uendeshaji wa kreni bandarini, kisha aongeze mafunzo ya gadi siku ajira zitakapotangazwa. Anayekwenda kusoma reli peke yake leo anaweza kumaliza chuo akakuta mataruma bado hayajalazwa.

Hali ni tofauti kwa ndugu zetu wa ng'ambo. Familia nyingi zilizoukimbia mwambao huu mwaka 1972, ghasia zilipoanzia Rumonge na Nyanza-Lac, zilikaa ukimbizini miongo mitatu na zaidi, na kuanzia 2007 maelfu walihamishiwa Marekani. Watoto wao wana haki ya kuomba kazi huko, na kampuni za reli za BNSF, Union Pacific, CSX na Norfolk Southern huajiri watu wasio na uzoefu, huwafundisha wenyewe na kuwalipa wakati wa mafunzo. Tangu 2012 kila gadi lazima awe na cheti kinachotambuliwa na sheria ya shirikisho. Zipo shule binafsi zinazouza kozi kwa maelfu ya dola. Usilipe kabla ya kuiuliza kampuni unayoitaka kama inaijali karatasi hiyo, maana mara nyingi utafundishwa upya vilevile. Na mwambie mwenzi wako ukweli wa ratiba. Sheria huko inaruhusu saa 12 kazini na inadai angalau saa 10 za mapumziko, lakini gadi mpya hana saa maalumu: simu inalia usiku wa Idi kama inavyolia Jumanne, na unalala hoteli ya mji mwingine ukisubiri treni ya kurudi.

Mwisho, jihadhari na matapeli. Penye mradi mkubwa hatakosekana mtu wa kuuza fomu za ajira za reli kwa WhatsApp, na nembo nzuri juu yake. Nafasi halali hutangazwa na shirika lenyewe au serikali, usaili hufanyika ofisini, na hakuna mwajiri wa reli anayetaka pesa itumwe kwenye namba ya simu ya mtu binafsi. Ukiombwa hivyo, usilipe, na mwonye jirani yako.