Posho na Gunia la Makala

Zamani wanaume waliokwenda kuchimba shaba Katanga waliacha wake zao kijijini. Wengi waliugua, wengine walirudi kwao upesi. Basi, karibu na mwaka 1928, kampani ya Union Minière ilianza kuwapa mikataba ya miaka 3 na kuwaita waje pamoja na wake zao. Haikuwa huruma tu: mwanaume mwenye mke na watoto karibu alidumu kazini. Kampani ilitoa posho kwa baba, kwa mama na kwa watoto. Mama alipika, alifua, alilima. Lakini mshahara ulikuwa wa baba peke yake.

Mwaka 1990 mgodi wa Kamoto ulibomoka. Gécamines, iliyorithi migodi ile, ikaanguka, na wafanyakazi walikaa miezi mingi bila mshahara. Nani alilisha nyumba? Mama alinunua gunia la makala, akaligawa mafungu madogo, akauza kando ya njia. Jioni watoto walilia njaa, lakini kwanza alitenga franga za kununua gunia lingine, ndipo akanunua unga wa bukari. Kama angekula zote, kesho angeuza nini? Hesabu hiyo ni ngumu kuliko ya ubaoni!

Na wakati ule sheria ya jamaa ya mwaka 1987 ilimtaka mke apate ruhusa ya mume kabla ya kufanya mkataba wa kazi. Mlishaji alimwomba ruhusa mlishwaji! Mwaka 2016 sheria ilibadilishwa: sasa mume na mke hupatana wote wawili.