Chombo Kikaacho Juu ya Ikweta

Wanafunzi, bila shaka mmepata kuona ungo wa televisheni uliofungwa juu ya paa la nyumba. Umeelekezwa mahali pamoja mbinguni, wala haugeuki usiku na mchana. Sababu yake ni hii: mahali pale pana chombo kiitwacho setilaiti, kipokeacho maneno na picha kutoka nchi moja na kuzipeleka nchi nyingine.

Chombo hicho ki juu ya Ikweta, mbali nasi kilomita 35,786. Mtu angedhani kimesimama, kumbe kinakwenda kilomita tatu kila sekunde! Lakini kwa kuwa humaliza mzunguko wake kwa muda ule ule dunia inaojizungusha, huonekana kuwa pale pale.

Basi, kukaa pale si kazi rahisi. Jua na mwezi hukivuta kaskazini na kusini. Na dunia nayo, kwa kuwa si mviringo kamili, hukisogeza mashariki au magharibi. Kikiachwa, ungo wetu utaelekea mahali patupu. Kwa hiyo watunzaji wake walio duniani hukiamuru kwa redio kiwashe mitambo yake midogo, kipate kurudi. Kila kirudipo hutumia mafuta. Umeme hupata kutoka kwa jua, bali mafuta ni yale tu kilichopewa siku ya kurushwa. Ndiyo maana, baada ya miaka 15 hivi, chombo huweza kufikia mwisho wake hali mashine zake zingali nzima.

Tena mafuta ya mwisho hayafai kutumiwa kwa kazi. Yawekwe akiba, ili chombo kipande juu kilomita 300 hivi, mahali paitwapo makaburini. Mwenyewe akishikwa na tamaa ya faida ya mwezi mmoja zaidi, mafuta yakamwishia, chombo chake kitatangatanga katika njia ya wengine, wala hakitasikia amri. Na kuyapima ni kazi ngumu, maana huko juu mafuta hayatulii chini ya tangi kama maji mtungini.

Setilaiti moja, Intelsat 901, ilirushwa mwaka 2001 kutoka Kourou, Amerika ya Kusini. Baada ya miaka 18 mafuta yake yalikuwa karibu kwisha, ikapandishwa makaburini. Ndipo tarehe 25 Februari 2020 chombo kingine, MEV-1, kikaifuata kwa nyuma, kikaingiza fimbo katika mdomo wa mtambo wake, kikaishika imara. Hakikuitilia mafuta, kilikuwa kama miguu yake. Mwezi wa Aprili ikarudi kazini juu ya bahari ya Atlantiki. Ikafanya kazi miaka mitano tena, hata mwaka 2025 MEV-1 kikaipandisha makaburini mara ya pili, kikaiachilia.